Mshono wa Neno la Kiholanzi

Mwaka 1586, mjini Leiden, Simon Stevin alichapisha kitabu kuhusu mizani. Mshairi wa Kiswahili akilisikia neno hilo huanza kuhesabu silabi kwa vidole; muuza nafaka hufikiria sahani mbili na jiwe la kilo. Kitabu cha Stevin, De Beghinselen der Weeghconst, kilikuwa upande wa muuza nafaka: kilieleza misingi ya sanaa ya kupima uzito, jinsi mzigo unavyotulia kwenye mteremko na jinsi wenzo unavyofanya kazi. Lakini msomaji hakufikishwa moja kwa moja kwenye mawe na kamba. Kwanza alipitishwa kwenye utangulizi mrefu wa kuisifu lugha ya Kiholanzi, na humo fundi huyu wa hesabu alifanya kazi ya mshairi. Alihesabu silabi.

Alikusanya vitenzi ambavyo katika nafsi ya kwanza vina silabi moja tu. Kiholanzi, ambacho wakati huo wenyewe walikiita Duytsch, alikipatia 742. Kigiriki kilipata 45. Kilatini, lugha ya vyuo vikuu na ya makasisi wa Ulaya magharibi yote, kiliambulia 5. Akageukia majina na maneno ya aina nyingine: 1,428 kwa Kiholanzi, 220 kwa Kigiriki, 158 kwa Kilatini.

Hesabu hiyo leo inaweza kuonekana kama ushabiki, lakini nyuma yake kulikuwa na hoja ya mjenzi. Stevin alizaliwa Brugge mwaka 1548, akahamia kaskazini, na baadaye akawa mshauri wa Mwanamfalme Maurits katika hesabu na ujenzi wa ngome. Kwake neno la silabi moja lilikuwa tofali. Mwenye matofali mengi madogo anaweza kujenga jina la kitu chochote bila kukopa kwa jirani. Alichukua wis, yaani yakini, na const, yaani sanaa, akaunda wisconst, sanaa ya mambo ya yakini, kuwa jina la hisabati. Mholanzi wa leo husema wiskunde. Kwa sababu hiyo Kiholanzi ni miongoni mwa lugha chache za Ulaya ambazo haziiti hisabati kwa jina la Kigiriki. Kemia nayo ikaja kuitwa scheikunde, elimu ya kutenganisha, na unajimu wa kisayansi ukaitwa sterrenkunde, elimu ya nyota. Mwaka 1600 ilifunguliwa Leiden shule ya wahandisi iliyofuata mtaala wa Stevin, na masomo yalitolewa kwa Kiholanzi. Wapima ardhi na wajenzi wa ngome hawakulazimika kupitia mlango wa Kilatini.

Tofali huhitaji udongo wa kuliunganisha na jingine, na hapo ndipo Kiholanzi kina tabia yake. Mlango ni deur. Mlango wa mbele ni voordeur. Ufunguo wa mlango wa mbele ni voordeursleutel, neno moja, bila nafasi, bila "wa" wala "ya". Kiswahili hutanguliza kitu chenyewe, kisha hukieleza. Kiholanzi hutanguliza maelezo yote na kitu chenyewe kikaja mwisho, kama bwana harusi anayefuata msafara. Msomaji hana budi kulimaliza neno lote ndipo ajue ni ufunguo unaozungumziwa, si mlango.

Sikio, hata hivyo, halingoji mwisho. Katika maneno ambatani ya Kiholanzi mkazo mkuu kwa kawaida huangukia sehemu ya kwanza: vóórdeur, vóórdeursleutel. (Alama juu ya irabu ni ile wanayoiweka Waholanzi wenyewe wanapotaka kuonyesha mkazo.) Sauti ikipiga kwa nguvu mara moja mwanzoni, kisha ikashuka bila kupiga tena kwa nguvu ileile, msikilizaji anajua kwamba vyote vinavyofuata ni vya neno hilohilo. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kuelekea nyuma. "Mwana" peke yake hukazwa silabi ya kwanza, lakini katika "mwanafunzi" mkazo umeshahama, umekwenda kukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "kipimajoto" vivyo hivyo. Lugha mbili, kazi moja ya kuficha mshono: moja hufunga fundo mwanzoni, nyingine karibu na mwisho.

Majina ya Kiholanzi ya mambo haya yenyewe ni maneno ambatani, tena yana picha. Silabi ni lettergreep: letter ni herufi, greep ni mshiko, yaani kile ambacho mkono unaweza kukishika kwa mara moja katika herufi. Mkazo ni klemtoon: toon ni sauti, klem ni kibano. Aliyezoea kusikia neno la Kiholanzi likibanwa shingoni mwanzoni kabisa hatashangaa.

Wa kwanza kuueleza mkazo huu kwa kina alikuwa Lambert ten Kate, mtoto wa mfanyabiashara wa nafaka wa Amsterdam. Mwaka 1723 alitoa kazi yake kubwa ya juzuu mbili juu ya lugha ya Kiholanzi na ndugu zake wa Kijerumani na Kigothi. Aliona kwamba katika jamii hii ya lugha mkazo hung'ang'ania sehemu iliyobeba maana, yaani mzizi, na kwamba viambishi kama be-, ge- na ver- hupita mbele yake kimyakimya. Ver-stáán, kuelewa, hukazwa kwenye staan. Kwa mtu ambaye lugha yake hukaza silabi ileile kwa kuhesabu kutoka mwisho, bila kujali maana, huu ni utaratibu wa ajabu: sauti hutafuta maana kwanza, ndipo itue.

Utaratibu huu, hata hivyo, una gharama. Kinachokazwa hustawi, kisichokazwa hufifia, karne baada ya karne, mpaka mshono unapotea. Neno wereld, dunia, lilianza kama maneno mawili ya kale, mtu na umri: enzi ya wanadamu. Hertog, cheo cha mtawala wa jimbo, lilikuwa jeshi na mvutaji, yaani anayetangulia vitani askari wakimfuata. Hakuna Mholanzi anayeyasikia maneno hayo mawili ndani ya moja leo. Jonkheer, bwana kijana, lilimomonyoka likawa jonker. Upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, mji wa Yonkers karibu na New York umebeba jina hilo kwa sababu ya jonkheer Adriaen van der Donck, mwanasheria aliyemiliki ardhi pale katika karne ya 17. Jonkvrouw, binti wa ukoo bora, lilianguka zaidi: likawa juffrouw, kisha juf. Juf ndiyo namna mtoto wa Kiholanzi anavyomwita mwalimu wake wa kike. Silabi moja imebaki, na ndani yake wamelala mwanamke na ujana wake.

Si maneno yote yanayotii kanuni, na yasiyotii ndiyo matamu zaidi. Tarehe 27 Oktoba 1275 Mtawala Floris wa Tano aliwasamehe ushuru wa njia watu waliokaa penye boma la kuzuia maji ya mto Amstel. Hati hiyo inawataja kuwa wakazi wa Amestelledamme. Jina ni ambatani safi, mto na boma, na kwa kanuni lingepaswa kukazwa mwanzo. Lakini kila Mholanzi husema Amsterdám, na Rotterdám, na Schiedám, na Zaandám. Majina hayo yamebaki na mwendo wa kirai, kana kwamba msemaji bado anayatamka maneno mawili na kulipa uzito lile la mwisho, boma lenyewe lililozuia mafuriko.

Barabara za mjini humo zina sheria yao. Majina yanayoishia na -straat hukazwa mwanzo: Kálverstraat. Ukigeuka tu kona ukafika kwenye mfereji au uwanja, mkazo unahama: Prinsengrácht, Keizersgrácht, Leidsepléin. Hakuna bango linalomwambia mgeni hivyo, na mwenyeji hajui kwamba anajua. Jengo la manispaa ni stadhúis, ingawa kila kipande chake, mji na nyumba, kingeruhusu mkazo mwanzoni. Sukuma ya majani yaliyojikunja, chakula cha majira ya baridi kinachopondwa pamoja na viazi na kupambwa kwa soseji, ni boerenkóól.

Pengine mkazo hubeba maana yote peke yake. Vóórkomen ni kutokea. Voorkómen ni kuzuia. Daktari aliyeandika kwamba ugonjwa fulani unaweza kufanya hivi au vile hutegemea sauti ambayo karatasi haina, ndiyo maana mwandishi mwangalifu huongeza zile alama ndogo. Óndergaan ni kuzama, kama jua; ondergáán ni kupatwa na jambo, kama mgonjwa anayefanyiwa upasuaji. Mswahili haoni ajabu sana hapa, kwa kuwa naye ana barabára anayosafiria na barábara anayoitumia kusifu kazi iliyofanywa sawasawa. Tofauti ni kwamba jozi ya Kiswahili ni ya kuonyesha wageni, na jozi za Kiholanzi ni za kila siku.

Kwa msemaji, basi, mshono upo katika koo. Shida ilikuwa ya mpiga chapa.

Fundi wa herufi za risasi alikuwa na mstari wenye upana uliopangwa, na lugha isiyotaka kuachia nafasi. Mstari ukikatikia katikati ya voordeursleutel ilimbidi avunje neno, na kwa kulivunja alikuwa anatoa hukumu ya lugha: hapa ndipo lilipoungwa. Kistari anachokitumia kina majina mawili. Kikiwa kinashikilia sehemu mbili zibaki pamoja huitwa koppelteken, alama ya kuunganisha; kikiwa mwisho wa mstari huitwa afbreekteken, alama ya kuvunja. Umbo ni lilelile.

Kugawa vibaya kulikuwa na madhara kuliko kuchafua ukurasa, kwa sababu tahajia nzima ya Kiholanzi imesimama juu ya silabi. Irabu ndefu huandikwa mara mbili silabi ikifungwa na konsonanti, mara moja silabi ikiwa wazi: maan, mwezi, lakini ma-nen, miezi ya angani. Irabu fupi hulindwa kwa kurudia konsonanti: man, mwanamume, man-nen, wanaume. Sasa chukua voorouders, wahenga, lililoungwa kwa voor na ouders. Ulimi hulitamka kana kwamba r ni ya silabi ya pili, na kanuni ya silabi wazi ingedai o moja. Mshono unakataa. Voor huingia na irabu zake mbili na kutoka nazo, na mpiga chapa hugawa voor-ouders. Daarom, kwa hiyo, husikika daa-rom lakini hugawanywa daar-om. Jicho linakumbuka kilichosahauliwa na ulimi, na hapo tahajia hii inastahili heshima kuliko inayopewa na wanaoilalamikia.

Kanuni hizi zilipata sura yake katika karne ya 19, kwa sababu ya kamusi. Mwaka 1849 wanazuoni wa Uholanzi na wa Ubelgiji walikutana Gent wakaazimia kuandaa kamusi kuu ya lugha yao ya pamoja. Kazi ilimwangukia Matthias de Vries wa Leiden, na mara moja akagundua kwamba huwezi kupanga maneno kwa alfabeti kabla ya kuamua yanaandikwaje. Mwenzake, L.A. te Winkel, akatoa misingi ya tahajia mwaka 1863, na orodha yao ya maneno ikafuata mwaka 1866. Ubelgiji iliipokea tahajia hiyo mwaka 1864, Uholanzi mwaka 1883. Kamusi yenyewe, Woordenboek der Nederlandsche Taal, ilianza kutoka kwa vipande mwaka 1864 na haikukamilika hadi 1998. Watu waliofunga juzuu la mwisho walikuwa hawajazaliwa, wala wazazi wao wengi, kipande cha kwanza kilipotoka.

De Vries na Te Winkel waliacha mzigo mmoja uliosumbua vizazi: sauti ndogo inayokaa juu ya mshono. Kabati la vitabu ni boekenkast, na ile -en- katikati yaweza kusomwa kama wingi wa vitabu. Chapati ya maji ya Kiholanzi hupikwa kwenye kikaango kimoja, kwa hiyo ikaandikwa pannekoek, bila n. Orodha rasmi ya mwaka 1954, ile yenye jalada la kijani ambayo kila nyumba iliiita Groene Boekje, ilimtaka mwandishi ajiulize kila mara: je, ni kimoja au vingi? Mwaka 1995 swali hilo likafutwa na kanuni ya kimaumbo ikaingia, na chapati ikawa pannenkoek. Watu walikasirika kwa dhati. Wengi wao hawaitamki hiyo n hata kidogo. Mabadiliko yalikuwa ya macho tu, lakini macho nayo yana mazoea yake. Orodha ya mwaka 2005 ilipoongeza marekebisho mengine, magazeti na vyombo kadhaa vya habari vilikataa kuifuata, na mwaka 2006 kikatoka kitabu shindani chenye jalada jeupe.

Mageuzi ya 1995 yaliua pia fahari mbili za wapenda maneno. Kiwele cha ng'ombe kilikuwa koeieuier, irabu saba mfululizo kati ya k na r. Sasa ni koeienuier, na n imeukata mfululizo ule. Bata wa baharini alikuwa zeeëend, e nne zikifuatana, ya tatu ikiwa na vitone viwili kuonyesha kwamba silabi mpya inaanza. Sasa ni zee-eend, kistari kimekaa juu ya mshono waziwazi. Upande wa konsonanti hakuna aliyegusa: angstschreeuw, ukelele wa hofu, bado una konsonanti nane kwa mfuatano, na slechtstschrijvend, mwenye kuandika vibaya kuliko wote, ana tisa. Asiyeujua mshono hawezi kulisoma neno hilo. Anayeujua hutua kidogo baada ya slechtst, kisha huendelea bila shida.

Magazeti ndiyo yaliyoteseka zaidi, kwa safu zake nyembamba. Mwaka 1966 ilipitishwa sheria ya bima kwa wasioweza kufanya kazi kwa sababu ya maradhi au ulemavu, na jina la bima hiyo ni arbeidsongeschiktheidsverzekering, herufi 33. Safu ya gazeti hailimezi. Watu waliiita sheria hiyo WAO na kuendelea na maisha, lakini mpanga herufi hakuwa na ruhusa ya kufupisha kila kitu.

Kisha risasi ikaondoka viwandani, na kazi ya kuvunja maneno ikakabidhiwa mashine isiyo na koo wala kumbukumbu. Aliyelishughulikia tatizo hili mapema alikuwa Hugo Brandt Corstius, mwanahisabati wa Mathematisch Centrum ya Amsterdam, aliyepata udaktari mwaka 1970 kwa utafiti wa isimu ya kompyuta. Katika utafiti huo mlikuwa na programu ya kugawa maneno ya Kiholanzi kwa silabi. Baadaye, kwa jina la Battus, aliandika Opperlandse taal- & letterkunde, kitabu cha mwaka 1981 kilichojaa maajabu ya lugha hii, na si vigumu kuona jinsi kazi ya kwanza ilivyomlea mwandishi wa ya pili. Anayeifundisha mashine kutafuta mishono hukutana na mishono ya uongo kila siku.

Dijkramp ni mfano. Likigawanywa dijk-ramp ni maafa ya tuta la kuzuia bahari, jambo ambalo Uholanzi inalijua kwa uchungu tangu usiku wa Februari 1953. Likigawanywa dij-kramp ni msuli wa paja uliokakamaa. Kwartslagen ni robo za mzunguko au matabaka ya kwatsi, kutegemea s iko upande gani. Kerstomaatjes ni nyanya ndogo ndogo za duara, kers-tomaatjes. Mashine ikikosea kwa herufi moja zinakuwa Kerst-omaatjes, mabibi wa Krismasi. Massagebed huokolewa na mkazo: masságe-bed ni kitanda cha kukandwa mwili, mássa-gebed ni sala ya halaiki. Binadamu hatakosea akilisikia. Mashine iliona herufi tu.

Kuna hata maneno ambayo hubadilika sura yakivunjwa. Bibi mpendwa ni omaatje, kwa a mbili, lakini mwisho wa mstari hugawanywa oma-tje, na a moja hutoweka, kwa kuwa silabi sasa iko wazi. Diplomaatje laweza kuwa cheti kidogo, nalo likivunjwa ni diploma-tje. Laweza pia kuwa balozi mdogo, nalo hubaki na herufi zote, diplomaat-je. Mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Franklin Liang alitoa njia ya kutumia maelfu ya vipande vifupi vya herufi vyenye tarakimu za kuruhusu au kukataza mgawo, na Waholanzi wakatengeneza vipande vyao kwa njia hiyo. Njia hiyo hufanikiwa mara nyingi mno. Panapohitajika maana, kama kwenye dijkramp, hukisia.

Nijmegen, mwaka 1993, ilitolewa hazina ya data iitwayo CELEX, yenye zaidi ya vidahizo 124,000 vya Kiholanzi, vingi vikiwa vimeonyeshwa silabi zake na mahali pa mkazo. Kile alichokianza Stevin kwa kalamu na subira sasa kinaweza kuhesabiwa kwa sekunde.

Shuleni kazi hiyo bado hufanywa kwa mikono. Mtoto wa miaka mitano au sita husimama na wenzake, mwalimu hutaja neno, nao hulipigia makofi, kofi moja kwa kila lettergreep. Voor-deur, makofi mawili. Pan-nen-koek, matatu. Mtoto anayesita kati ya mawili na matatu hunyoosha mkono na kuita: juf!